MAMA WA MZIZI USICHIMBWE: HISTORIA YA KAOMWA, DAWA YA MISITU YETU YA KUSINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Darasa la leo ni refu kidogo. Chukua kikombe chako cha chai, kaa, usome mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni nina ombi kwako.

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa hapa Lupaso alisimamisha pikipiki yake nje ya msikiti. Nyuma alikuwa amefunga kiroba. Akanisalimia kwa adabu, kisha akasema: "Shehe, nakuomba dua. Nimepata mteja wa dawa mjini, nataka mzigo huu uende vizuri."

Nikamwambia afungue nione. Ndani ilikuwa mizizi. Minene, ya kahawia kwa nje, na pale alipoikata ilikuwa ya manjano. Juu ya kila mzizi palikuwa na kipande cha shina kilichokatwa kwa panga. Yaani mmea mzima, kuanzia shina mpaka ncha ya mzizi.

Nikamuuliza: "Mwanangu, shimoni umeacha nini?"

Akacheka. "Shehe, shimo tu."

Dua nilimwombea, maana kijana anatafuta riziki na riziki si dhambi. Lakini jibu lake lilininyima usingizi. Nilikumbuka kwamba miaka zaidi ya thelathini iliyopita jibu hilo hilo nililitoa mimi. Nitakueleza. Kwanza tuijue historia ya mzizi wenyewe.

*MZIZI ULIOFIKA LONDON*

Ndugu yangu, katika misitu ya nchi hii yetu, kuanzia kusini mwa Tanzania, kuvuka mto Ruvuma na kuingia kaskazini mwa Msumbiji, kuna mmea wa kutambaa unaopanda juu ya miti. Majani yake ni mapana, yamegawanyika kama kiganja chenye vidole. Shina hunyauka na kuchipua tena, lakini mzizi hubaki ardhini mwaka hadi mwaka. Mzizi huo ni mchungu sana. Kiswahili cha zamani cha pwani kiliuita kaomwa. Wazungu walipousikia kwa watu wa Msumbiji waliandika "kalumb", na ndipo likatoka jina la kalumba. Wanasayansi wanauita Jateorhiza palmata, na hilo neno la pili linatokana na kiganja, kwa sababu ya jani lake.

Wazee wetu waliutumia kwa kuhara damu na maradhi ya tumbo, na pia walipata rangi humo. Wareno waliokuwa Msumbiji wakaufanya bidhaa. Ukapelekwa India, na kutoka India ukafika Ulaya. Mwaka 1773 tabibu mmoja wa Manchester, Thomas Percival, aliandika kuhusu faida zake kwa tumbo. Baadaye ukaingia katika vitabu rasmi vya dawa vya Uingereza, na kwa zaidi ya miaka mia moja maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza uchungu wa mzizi huu kwa watu wenye matumbo dhaifu na wasio na hamu ya kula.

Sasa sikiliza jambo la kuhuzunisha. Kwa muda mrefu wanunuzi hao walidhani mzizi unatoka Colombo, kule Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Kwa nini? Jina lilifanana, na mzigo ulikuwa ukija kutoka upande wa India. Mchimbaji wa msituni kwetu hakujulikana. Dawa yake ilinywewa London na sifa wakapewa watu wa kisiwa ambacho mmea huo haukuota.

Mwenye mali asiyeijua mali yake, wengine humwandikia historia.

*WALIVYOCHIMBA WAZEE*

Mwanzoni mwa karne ya 19 habari za uchimbaji wenyewe ziliandikwa, kwa kutegemea taarifa za Mfaransa aitwaye Fortin aliyekuwa amefika Msumbiji. Nakuomba uzisome polepole, kwa sababu hapa ndipo penye darasa.

Zilisema kwamba mmea huu haulimwi, kwa sababu unaoota wenyewe unatosha. Zikasema wachimbaji hawachukui mzizi mkuu. Wanachukua ile ya pembeni, iliyotoka ubavuni mwa mama, iliyokomaa kiasi cha kufaa lakini haijazeeka ikawa nyuzi tupu. Wanaikata vipande vya mviringo, wanavitunga kwenye kamba, wanavianika kivulini. Kipande kikiwekwa juani kikavunjika kwa mara moja, hicho ni kizuri. Kikiwa laini na cheusi, hakina thamani.

Umeona? Watu hao hawakuwa na ofisi ya misitu. Hawakusoma semina ya mazingira. Lakini walijua kwamba mzizi wa pembeni ni mazao na mzizi wa katikati ni mtaji. Ukila mazao, mwakani utakula tena. Ukila mtaji, umejichimbia shimo.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kanuni hiyo hiyo. Na ninyi watu wa kusini mnajua, kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Yeye hakulijua jina la kaomwa. Aliuita tu mzizi mchungu. Alipochimba alipiga magoti, akafukua udongo kwa mkono na kijiti, akatoa mizizi miwili au mitatu ya pembeni, kisha akarudisha udongo na kuushindilia kwa kiganja kama anayemfunika mtoto. Alikuwa akiniambia: "Mama haondolewi nyumbani."

*DUME LA MADRAS*

Turudi kwenye historia. Mwaka 1805 Fortin alipeleka mzizi hai wa kalumba Madras, India. Ukapandwa, ukaota, ukatambaa, ukatoa maua. Watu wakafurahi, kwamba sasa dawa itapatikana bila kuvuka bahari.

Lakini haukuzaa hata tunda moja.

Sababu ni kwamba mmea huu una dume na jike, kila mmoja na shina lake. Si kama mahindi, ambayo kila mmea una maua ya kiume na ya kike. Unafanana na mtende na mpapai. Ule wa Madras ulikuwa dume. Ungekaa pale miaka mia, ungetoa maua na usingeacha mbegu.

Mpaka mwaka 1825, Kapteni Owen, Mwingereza aliyekuwa akipima pwani yetu ya Afrika Mashariki, alipochukua mimea hai kutoka Ibo, kisiwa kilicho jirani na nchi ya Wamakonde wa Msumbiji, akaifikisha Mauritius. Huko mtaalamu wa mimea Bojer aliitunza, na madume na majike yakapatikana pamoja. Ndipo mmea ukachorwa na kuelezwa kikamilifu.

Ewe Muislamu, habari hii ikusimamishe kidogo. Katika Suratu Yaasin, aya ya 36, Mola wetu anajitakasa kwa kuwa ndiye aliyeumba jozi zote, katika vile vinavyooteshwa na ardhi, katika nafsi zetu, na katika tusivyovijua. Sura hii tunaisoma nyumbani kwa wagonjwa na kwa maiti, wengine wetu tumeihifadhi tangu madrasa. Wataalamu wa Madras walihitaji miaka ishirini kukipata kilichowakosesha tunda. Sisi tunaosoma aya hiyo kila wiki, ni wangapi tumewahi kutazama mmea wa porini tukajiuliza mwenzake yuko wapi?

*WALIOTUTANGULIA KATIKA DINI*

Baadhi ya vijana wananiambia: "Shehe, habari za mizizi ni za waganga, siyo za msikiti." Hapana. Tusiwaachie wapiga ramli neema ya Mwenyezi Mungu.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari, kwamba hakuna ugonjwa alioushusha Mwenyezi Mungu ila ameuteremshia na ponyo. Umma huu uliichukua kauli hiyo kama kazi ya kufanywa. Katika karne ya 11 kule Toledo, Andalusia, tabibu Ibn Wafid alitengeneza bustani ya mfalme al-Ma'mun, na Ibn Bassal, mtaalamu wa kilimo wa mji huo huo, akaandika mambo ya udongo, maji na upandikizaji aliyoyajaribu kwa mkono wake. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga, alitembea Afrika Kaskazini, Misri na Sham akiikagua mimea ilipoota. Alipofariki Damascus mwaka 1248 alikuwa ameacha kitabu chenye dawa na vyakula karibu 1,400, akitaja waliomtangulia na kuwasahihisha walipokosea.

Hao walikuwa watu wa swala na funga. Waliona kuujua mmea ni ibada ya kushukuru, na kuupanda ni sadaka. Kwani hatukufundishwa kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, anaandikiwa sadaka? Na Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe ovyo.

Pia kuna hadithi katika Abu Daud kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mzizi wa porini usiopandwa na mtu uko karibu sana na malisho hayo. Una haki ya kuchuma. Lakini mshirika hawezi kuchukua fungu lake pamoja na la mwenzake. Na mwenzako ni pamoja na mtoto atakayezaliwa Lupaso miaka hamsini ijayo.

*MSITU ULIKWENDA WAPI?*

Usidhani kijana wa kiroba ndiye peke yake aliyeumaliza msitu. Tuwe waadilifu.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea, jirani zetu, ikawa mojawapo ya sehemu zake. Vichaka viling'olewa kwa matrekta. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Kisha mkorosho, mti wa Brazil ulioletwa na Wareno, ukaenea uwanda wote wa Makonde, kuanzia Newala na Tandahimba mpaka huku Masasi. Miaka ya 1970 tukahamia vijiji vya pamoja, na mashamba na kuni vikahitajika karibu na makazi. Ukaja mkaa.

Mkorosho siulaumu. Karo za watoto wetu zimetoka humo, na huu msikiti una bati la korosho. Ila utazame mkorosho ujifunze. Mti huo ni mgeni, lakini wataalamu wa Naliendele, Mtwara, wameuchagulia mbegu, wamebebesha vikonyo, wametoa aina bora zinazozaa zaidi, nasi tunazipanda. Mgeni tumempa kitalu. Mwenyeji kaomwa tumempa jembe.

Na kama unadhani dawa ya porini haiwezi kulimwa, tazama pakanga ya Wachina. Kitabu cha tabibu wao wa karne ya 4, Ge Hong, kiliitaja kwa homa. Mwaka 1972 Bi Tu Youyou na wenzake wakaitoa ndani yake dawa ya malaria, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Wataalamu wakachagua na kuchanganya mbegu mpaka wakapata zenye dawa nyingi zaidi katika jani, na wakulima wa Tanzania na Kenya nao wakailima. Dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati leo, asili yake ni jani hilo. Lingeachwa lichumwe porini tu, lingetosha wagonjwa wangapi?

Tumekwisha ona pia upande wa pili. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mzee Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500. Waislamu na Wakristo, matajiri na maskini, foleni za magari za kilomita nyingi. Wengi walijadili kama kikombe kinaponya. Mimi nilikuwa najiuliza jambo jingine: ile ilikuwa mizizi ya mugariga iliyochemshwa. Mzizi ukishachemshwa haurudi ardhini. Jamii inayoweza kukusanyika kwa maelfu kunywa mzizi, ilikusanyika lini kupanda mmoja?

*KOSA LANGU*

Nilikuahidi nieleze.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, mnunuzi mmoja alikuja akitaka mizizi kwa kilo. Sisi vijana wanne tukaingia mlima ambao mjomba alikuwa akichimba dawa zake. Mzizi wa pembeni ni mwembamba, kilo haijai haraka. Mama ana uzito. Nilijua kanuni. Nilikuwa nimeisikia tangu utoto. Nikang'oa mama wote tuliowaona, siku tisa mfululizo. Fedha yake nilinunulia baiskeli ya mtumba.

Miaka miwili baadaye, masika, mama yangu mzazi alishikwa na kuhara damu usiku. Mjomba akanituma mlimani na kurunzi. Nilizunguka mpaka Alfajiri. Nilikuta vishimo vyetu vimejaa maji ya mvua. Nikarudi mikono mitupu. Tukampakia mama kwenye baiskeli ile ile, nikamsukuma mpaka hospitali. Aliwekewa dripu, akapona, alhamdulillah, na aliishi miaka mingi.

Msinielewe vibaya. Kuhara damu ni kwa hospitali, na mjomba mwenyewe ndiye aliyesema twende. Mizizi hii ikizidi kipimo inatapisha, na Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayetibu bila kuujua utabibu, akidhuru, dhamana ni yake. Ninalosema ni hili: mjomba hakunigombeza. Aliutazama mkono wangu mtupu, kisha akaitazama ile baiskeli. Basi. Amefariki hajawahi kulitaja, na mimi sijawahi kulisahau.

*LA KUFANYA*

Toba ya aliyeng'oa ni kupanda. Kuna hadithi katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwako una mche, ukiweza upande. Basi:

1. Ukichimba, chukua mizizi ya pembeni, wala usiimalize yote. Mama mwache. Rudisha udongo.

2. Ukiona mmea wenye matunda, huo ni jike. Usiuguse mzizi wake kabisa. Chuma mbegu chache, nyingine waachie ndege.

3. Panda mpakani mwa shamba, kwenye mti wa kupandia. Usipande mmoja. Mpaka utoe maua hutajua dume wala jike, kwa hiyo panda mingi.

4. Mbegu za kuendeleza zitoke kwenye mmea wenye afya na mzizi mchungu. Usile bora ukapanda hafifu.

5. Unayeuza dawa, ifuate Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ujisajili. Muhimbili kuna watafiti wa dawa za asili tangu 1974. Wao wana maabara, sisi tuna msitu na wazee. Wazee wanaondoka, tusisubiri.

Yule kijana nilimwita tena juzi. Sikumkemea, kwani ningemkemea kwa mdomo gani? Nilimweleza habari ya baiskeli. Akanyamaza sana. Jana ameniletea mizizi mitatu yenye macho, aliyokuwa hajaikata, tumeipanda nyuma ya madrasa.

Na sasa ombi langu. Nyuma ya madrasa yetu nilianza miaka minne iliyopita na mimea kumi na mmoja. Saba iko hai. Mitano imeshatoa maua, na wanafunzi wangu wanaikagua kila Ijumaa. Hakuna tunda. Yote mitano ni madume. Yaliyowapata watu wa Madras yametupata sisi, katika nchi ambayo mmea huu ndiyo kwao.

Wewe unayesoma kutoka Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Mueda au popote kando ya Ruvuma: muulize bibi yako, muulize mjomba wako. Ukiuona mmea huu wa majani ya kiganja una matunda, usiuchimbe na usimwonyeshe mnunuzi. Niandikie hapa. Nitakuja mwenyewe kuchukua mbegu, na mama nitamwacha pale pale alipo.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyang'oa kwa tamaa. Ubariki tunayoyapanda. Umrehemu mjomba wangu na wote waliorudisha udongo juu ya mizizi kwa ajili yetu sisi ambao hawakutujua. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq. Msambazie na mwenzako aliye kusini.